Kabla Hujalipa

Lachlan, rudisha pochi mfukoni kwanza.
Piga magoti hapa, kwenye vumbi jekundu,
uchungulie tumbo la gari lako.

Unaziona zile mbavu mbili ndefu za fremu?
Hapo ndipo uzito utakapokaa.
Si kwenye bampa. Bampa ni jino la dhahabu:
linapendeza ukicheka, halivunji mfupa.

Umesema tela lina kilo elfu moja na mia nne.
Nani kalipima?
Likiwa tupu, au na matangi ya maji,
hema, friji, na kreti tatu za bia ya mjomba wako?
Mzani uko ghala la ngano, mwendo wa dakika kumi.
Nenda. Nitakungoja.
Mimi, Dorothea Kranz, sijamfungia mtu ndoano kwa makisio.

Elfu moja, mia nane na arobaini.
Haya. Sasa tunazungumza.

Hili tufe linalong'aa kama yai
linafaa lami, mashua ya Jumapili,
farasi mmoja mpole.
Wewe unakwenda kuvuka matuta ya mchanga,
moja baada ya jingine, siku tano,
na kwenye kila kilele gari litainamisha pua
huku tela bado linapanda nyuma yake.
Tufe litafika mwisho wa kuzunguka kwake, lianze ubishi,
na chuma kikibishana na chuma
hakuna wa kuwasuluhisha.

Chukua hiki. Kina pini, kina bushi,
kinageuka pande zote.
Tela likipinduka, lipinduke peke yake.
Kuungana si kugandana;
nimeolewa mara mbili, najua ninachosema.

Ndiyo, bei ni maradufu.

Shika tochi. Juu kidogo. Usinimulike machoni.
Tunakwangua rangi mpaka chuma kikutane na chuma,
kwa sababu rangi husagika,
na bolti iliyokaza rangi hulegea yenyewe barabarani.
Nati mpya. Zile za zamani tupa.
Na tunaipandisha ndoano juu, karibu na sakafu;
ikining'inia itakulimia kila mfereji
kuanzia hapa hadi mpakani, na hutavuna kitu.

Spana hii ina kipimo. Vuta wewe.
Vuta.
Umesikia? Tak.
Basi, acha. Anayeongeza baada ya tak
anaivunja shingo ya bolti kwa kuipenda mno.

Minyororo ipishane chini, kama mikono ya mtu
anayengoja kudaka mtoto.
Kilomita mia ukifika, simama, kaza tena.
Mbu wakikuuma, kaza ukiwa unaumwa.

Sasa jambo la mwisho, na hapa zima hiyo simu.

Utakwama. Kila mtu hukwama.
Atatokea msamaria na kamba yake,
atataka kuipachika kwenye tufe la gari lolote lililo karibu,
kwa kuwa ni duara, liko tayari, na jua linazama.
Mwambie hapana. Mwambie hata akikasirika.
Kuna pingu mbili nyekundu nimekufungia kwenye fremu:
kamba ikae hapo, pasipo pengine.

Watu husema kamba hukatikia pembamba.
Hawasemi ikishakatika inaelekea wapi.
Na siku ile haikukatika kamba.
Lilikatika shina la tufe,
likaruka na kamba yake nyuma kama mkia,
likaingia kwa kioo.
Konrad alikuwa amegeuka kutazama kama tumetoka.
Tulikuwa tumetoka. Nusu mita, labda zaidi.

Hapana, usiniambie pole. Saini hapa, na hapa.

Unaangalia nini?
Lile la juu ya meza, lenye kutu?
Hapana, haliuzwi.
Hilo linazuia risiti zisipeperuke
upepo wa kaskazini ukianza.